TULIVYOITEMBEA MOMBASA KWA PESA KIDOGO, NA HOTELI ILIYOVAA NGUO MPYA

Ndugu wafanyakazi wenzangu wa viwandani na mashambani,

Katika mikutano yetu ya tawi, nikitaja neno "matembezi" watu hucheka. Mkata miwa mmoja aliniambia, "Ndugu katibu, kutembelea miji ni kazi ya Wazungu wenye kamera. Sisi tunatembea kila siku, kutoka kambini hadi shambani." Nilicheka pamoja naye. Lakini usiku nilijiuliza: miji hii ilijengwa na nani, kama si watu kama sisi? Na aliyejenga nyumba atakatazwaje hata kuitazama?

Mwaka jana chama kilituchagua watu watatu kwenda kwenye semina ya vyama vya wafanyakazi mjini Mombasa. Nilikuwa mimi, ndugu mmoja mchuma chai, na dada mmoja mshonaji wa kiwanda cha nguo. Chama kililipa nauli na posho ya siku tatu za semina. Sisi tukakubaliana kuongeza siku mbili kwa pesa zetu wenyewe ili tuuone mji. Hapa nawaeleza jinsi tulivyofanya, ili nanyi mkipata nafasi msiogope. Nawaeleza pia jambo tulilolikuta ndani ya hoteli, ambalo linatuhusu sote tunaofanya kazi chini ya paa la mtu mwingine.

SAFARI NA MFUKO MMOJA

Kabla ya kuondoka tulifungua mfuko mmoja wa safari. Kila mtu alitia kiasi sawa, na dada mshonaji akawa mweka hazina, kwa sababu kiwandani kwao ndiye anayeshika daftari la chama cha kuweka na kukopa. Hakuna shilingi iliyotoka bila kuandikwa. Nawaambieni, pesa ya mtu mmoja mmoja huyeyuka njiani, lakini pesa ya mfuko wa pamoja ina macho sita ya kuitazama.

Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Basi tulipofika mpakani Malaba tulikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la uhamiaji. Wako vijana watakaokuita kando wakidai kukusaidia. Usiwafuate. Na pesa zako badilisha katika duka lenye kibali, uzihesabu mwenyewe kabla hujatoka mlangoni.

KULALA NA KULA

Semina ilifanyika katika ukumbi wa hoteli moja kubwa, ambayo jina lake nitaliacha. Kulala hapo hatukuweza. Chumba cha usiku mmoja kingekula posho yetu yote. Tulipata gesti upande wa Mwembe Tayari, karibu na mabasi na soko. Kulala katikati ya mji ni faida, kwa sababu mengi ya kuonwa utayafikia kwa miguu na hutapoteza nauli.

Usilipe chumba hujakiona. Fungua bomba uone kama maji yanatoka, kwa sababu Mombasa maji ya bomba hukatika mara kwa mara na ya visima vingi yana chumvi. Washa feni. Tazama kitasa cha mlango na matundu ya chandarua. Ukiridhika, lipa na udai risiti. Wenye gesti wenyewe humheshimu mtu anayeuliza.

Chakula ndiyo furaha ya Mombasa, na kilicho kitamu zaidi ndicho cha bei nafuu. Asubuhi tulikula mahamri kwa mbaazi za nazi, na chai ya tangawizi. Mchana wali na maharagwe katika mkahawa wa makuli na madereva, maana penye makuli wengi chakula huwa kingi na bei ni ya haki. Jioni mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, au viazi karai. Katika siku zote tano hatukuingia mahali penye vitambaa vyeupe mezani, isipokuwa pale kwenye semina.

SIKU YA KUTEMBEA WENYEWE

Semina ilianza Jumatano, ikaisha Ijumaa. Jumamosi tuliamka alfajiri. Jua la Mombasa saa sita mchana si mchezo, kwa hiyo tembea asubuhi, pumzika kivulini adhuhuri, kisha utoke tena saa kumi.

Tulianza Barabara ya Moi, kwenye zile pembe kubwa za ndovu zinazopita juu ya barabara. Si pembe za kweli, ni za bati la alumini. Husimuliwa kwamba ziliwekwa mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Elizabeth wa Uingereza. Sisi watu wa Uganda tunajua mwisho wa habari hiyo. Baba yake alifariki Februari 1952 wakati yeye yuko Kenya, akawa malkia huku huku, akarudi kwao haraka kwa ndege kupitia Entebbe kwetu. Meli iliyokuwa ikimngoja Mombasa haikumpata. Ndugu mchuma chai akasema, "Kumbe hata mabwana huwapambia wageni wasiofika." Kutazama pembe hizo ni bure.

Kutoka hapo tulikwenda Ngome ya Yesu, ambayo wenyeji huiita Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596. Waomani waliizingira tangu 1696, wakaiteka mwishoni mwa 1698. Waingereza nao waliifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958, na sasa ni jumba la makumbusho. Mwaka 2011 iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kiingilio chake kwa raia wa Afrika Mashariki ni kidogo kuliko cha wageni wa mbali, kwa hiyo usisahau kitambulisho. Siku hizi malipo mengi ya serikali ya Kenya ni kwa njia ya simu, basi nenda na mwenyeji atakayekulipia na wewe umrudishie mkononi.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu. Kijana mmoja mwenye kadi shingoni alitupokea kwa maneno matamu, akatuzungusha nje ya ngome nusu saa akitueleza habari. Hatukumuuliza bei, tulidhani ni ukarimu. Alipomaliza alidai pesa za kulala gesti usiku mbili. Tulibishana mpaka watu wakajaa, mwisho tukalipa nusu kwa aibu. Mimi ninayewafundisha wenzangu kila siku kwamba kazi haianzwi kabla ya kupatana mshahara, nilisahau somo langu mwenyewe! Basi jifunzeni kwangu. Akija mtembezaji, mwulize kibali chake, patana bei kwanza, na tikiti nunua mwenyewe mahali panapouzwa.

Mji wa Kale uko hapo hapo nyuma ya ngome. Kuutembea hakuna malipo. Vichochoro ni vyembamba, nyumba zina roshani za mbao na milango ya nakshi. Uko Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa mwaka 1570. Lakini kumbukeni kwamba humo wanaishi watu, si maonyesho. Vaeni nguo za heshima, msipige picha ya mtu bila ruhusa, na msalimieni kila mzee. Mimi nilimwambia mzee muuza kahawa, "Lete kahawa mbili." Alinitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, kwetu salamu hutangulia. Kahawa haikimbii." Nikasema, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitikia, "Marahaba," kisha akatumimina kahawa tatu na kukataa malipo ya moja. Kiswahili chetu cha kambini kina nguvu, lakini adabu yake tuliiacha njiani.

HOTELI ILIYOVAA NGUO MPYA

Sasa niirudie ile hoteli ya semina. Ilikuwa imefanyiwa ukarabati mkubwa, na kila orofa ikapambwa kwa habari yake. Chini palipambwa kama nyumba ya Kiswahili ya kale. Mlangoni kuna baraza za mawe, ukutani kuna zidaka za kuwekea vyombo, dari ni ya boriti, na kwenye kona kuna viti vya enzi vya mti mweusi. Orofa ya kwanza ni ya bahari, yenye majahazi, makasia na nyavu. Orofa ya pili, penye ukumbi wetu, ni ya Reli ya Uganda. Kuna taa za zamani za reli, vibao vya stesheni, na picha kubwa za wanaume wamebeba mataruma ya reli mabegani.

Siku ya kwanza, wakati wa chai, nilisimama mbele ya picha moja. Reli hiyo ndugu zangu ndiyo iliyotuletea viwanda na mashamba makubwa. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901, na Kampala ikafikiwa 1931. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 kati yao walikufa, mbali na Waafrika wengi waliofyeka, waliochimba na kubeba. Nilitafuta majina chini ya picha. Hapakuwa na jina hata moja.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Samahani kaka, nipishe nifute kioo." Alikuwa dada wa usafi, mtu wa umri wangu, amevaa leso mbili kama mapambo ya hoteli yanavyotaka. Nilimwuliza, "Dada, hawa ni akina nani?" Akajibu, "Tumefundishwa kuwaambia wageni kwamba ni wajenzi wa reli. Zaidi ya hapo hatukuambiwa." Nikamwuliza tena kama alikuwepo hoteli ilipokarabatiwa. Alitazama kushoto na kulia. "Kaka, kuta zina masikio hata zikipakwa rangi mpya. Jumapili ni siku yangu ya kupumzika. Kama mnataka kuuona mji, nitawatembeza. Huko tutazungumza."

JUMAPILI NA DADA

Jumapili tulikutana naye mapema. Kwanza alitupeleka Mji wa Kale kwa mjomba wake, seremala mzee wa nakshi. Tulimkuta amekaa barazani. Ndiye aliyechonga mlango mkubwa wa hoteli ile. Tulipomsifu alisema, "Mlango ni mzuri, ndiyo. Lakini pale wamejenga baraza, kisha wameweka kibao kwamba ni ya wageni wa hoteli tu. Baraza hujengwa ili jirani apumzike na mpita njia asalimiwe. Baraza isiyokaliwa na jirani ni ukuta mfupi tu."

Nikamwuliza kama alilipwa vizuri. Akacheka. "Mimi sikugusa ubao kabla ya kuandikiana. Nusu nilipokea kabla ya kazi, nusu siku mlango uliposimama. Aliyenyang'anywa ni huyu binti yangu, aliyekuwa humo ndani miaka kumi na mmoja."

Tukatembea mpaka ufukwe wa Mama Ngina, penye mibuyu mikubwa. Serikali ilipatengeneza upya mwaka 2019, na kuingia ni bure. Familia nzima nzima za wafanyakazi hukaa hapo jioni wakitazama meli zikiingia bandarini. Tulinunua madafu na mihogo, tukakaa chini ya mbuyu, na hapo dada akatueleza.

Hoteli ilipotaka kujipamba, wafanyakazi waliitwa wakaambiwa, "Nendeni mkapumzike, ukarabati ukiisha tutawaita." Hawakupewa barua ya kuachishwa wala barua ya likizo. Walikaa nyumbani miezi saba bila mshahara. Hoteli ilipofunguliwa, wengine waliitwa, lakini waliingia kwa mlango mwingine. Walisainishwa mkataba wa miezi mitatu mitatu chini ya wakala, kama wageni kabisa katika kazi. Miaka yao yote ya nyuma ikafutwa kama vumbi. Wazee hawakuitwa kabisa, ikasemwa kwamba hoteli mpya inataka nyuso mpya. Hata leso na kanzu za mapambo, zinazompendeza mgeni, bei yake ilikatwa katika mishahara yao.

Dada mshonaji alimwuliza, "Mlikwenda kwenye chama?" Akajibu, "Tulingoja kuitwa. Kila mwezi tuliambiwa bado kidogo. Kisha nikaitwa, nikaogopa kupoteza hata hicho kidogo. Sasa ni miaka miwili na miezi minane tangu siku ile tuliyoambiwa tukapumzike."

Niliposikia hesabu hiyo niliruka. Siku mbili nyuma, katika semina, mwalimu alitusomea sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007. Sheria hiyo inasema kwamba madai yatokanayo na kazi yafikishwe mahakamani kabla ya miaka mitatu kupita. Ikipita, mlango umefungwa, hata haki yako iwe kubwa namna gani. Na inasema pia kwamba mwajiri akipunguza watu kwa sababu ya mabadiliko ya kazi, chama na ofisa wa kazi waarifiwe mwezi mmoja kabla, na kila mfanyakazi alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Kwa dada huyu ilikuwa miaka kumi na mmoja. Na alikuwa amebakiza miezi minne tu.

"Una karatasi?" nikamwuliza.

"Ziko nyumbani, Likoni."

FERI NA MKEBE WA BISKUTI

Basi matembezi yetu ya mchana yakawa safari ya kutafuta karatasi. Tulipanda matatu mpaka kivukoni. Feri ya Likoni haimtozi mtu wa miguu hata senti moja, na kwa maoni yangu hakuna matembezi ya baharini yanayoizidi. Unaona bandari, meli kubwa za makontena, na maelfu ya wafanyakazi wanaovuka kwenda na kurudi kazini. Shika mfuko wako vizuri, usisimame ukingoni, na ngoja magari yashuke kwa utaratibu.

Tulipokuwa katikati ya maji dada alinyamaza. Kisha akasema kwamba tarehe 29 Aprili 1994, alipokuwa msichana wa shule, feri ya Mtongwe ilizama asubuhi ikiwapeleka watu kazini kisiwani. Walikufa watu 272. Mtaani kwao kila nyumba ilikuwa na kilio au ilikuwa jirani wa kilio. "Ndiyo maana," alisema, "mama yangu alitufundisha kuhifadhi karatasi. Asiye na karatasi, hata akifa hahesabiwi."

Nyumbani kwake tulipikiwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, ingawa tulikataa asijisumbue. Baada ya chakula alitoa mkebe wa biskuti uvunguni mwa kitanda. Ndani yake, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mlikuwa na barua yake ya kuajiriwa, hati za mshahara zilizofungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka, na kadi yake ya chama. Dada mshonaji alizipanga juu ya mkeka kama anavyopanga vipande vya shati, akazihesabu mara mbili. Zilitimia.

Jumatatu tulikuwa tuondoke asubuhi. Tulikata shauri kuahirisha mpaka basi la usiku. Saa mbili asubuhi, kabla dada hajaingia zamu yake ya mchana, tulikwenda naye kwenye chama cha wafanyakazi wa mahoteli. Tulimkuta katibu mwenye subira. Alisoma karatasi zote, akauliza kuna wengine wangapi. Dada akataja majina kumi na mawili. Katibu akasema, "Mmoja ni mnong'ono, kumi na watatu ni sauti. Waite wote kabla ya Ijumaa."

Gazeti hili linapokwenda kupigwa chapa, nimepata habari kwamba kumi kati yao walijitokeza, na madai yao yamepokewa mahakamani kabla ya miaka mitatu kutimia. Hukumu bado. Watatu waliogopa, nami siwalaumu. Dada bado anafuta vioo katika hoteli ile.

WALIOKUWEPO KABLA YETU

Kuna jambo moja nililolisikia semina ambalo halimo katika picha za hoteli ile. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi kwa siku 12. Waligoma watu wa bandari na wa reli, na pamoja nao wapishi na watumishi wa mahoteli na wa nyumba za Wazungu. Kiongozi wa umoja wao alikuwa Chege Kibachia, ambaye serikali ya kikoloni ilimkamata Agosti mwaka huo huo, ikamweka kizuizini. Hoteli ikitaka kupamba orofa moja kwa habari za kweli za mji, habari hiyo ipo. Lakini sidhani kama watauliza.

YA KUCHUKUA NYUMBANI

Ndugu msomaji, huenda utasema, "Mimi si mtu wa hoteli, hayo yananihusu nini?" Yanakuhusu. Kiwanda cha sukari hufungwa kila mwaka kwa kusafisha mitambo. Kiwanda cha chai huletewa mashine mpya. Kiwanda cha nguo huhamishwa jengo. Kila mara mnaambiwa neno lile lile: "Nendeni mkapumzike, tutawaita." Hapa kwetu Uganda sheria ya kazi ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri anayekusudia kuachisha watu kumi au zaidi kwa muda usiozidi miezi mitatu, kwa sababu za uchumi au za mabadiliko ya kazi, aviarifu chama na Kamishna wa Kazi. Lakini neno "mkapumzike" halimwachishi mtu, na ndiyo hila yake. Mtu hajafukuzwa wala hana kazi.

Basi mwajiri akitangaza ukarabati, kabla ya rangi kuingia, kamati ya tawi imtake aandike mambo haya katika mkataba wa pamoja:

1. Tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua.
2. Orodha ya majina ya wote waliopo, pamoja na miaka waliyotumika.
3. Malipo ya wakati wa kungoja, hata kama ni sehemu ya mshahara.
4. Kwamba watarudishwa wote kwa kufuata ukubwa wa utumishi, na miaka yao itaendelea kuhesabiwa.
5. Kwamba sare na vifaa vipya ni gharama ya mwajiri.

Na kila mmoja wenu awe na mkebe wake. Barua ya kuajiriwa, hati za mshahara na kadi ya chama visikae kambini penye moto na mvua, wala visikae katika simu peke yake. Na siku unayoambiwa "pumzika", iandike tarehe yake, maana kuanzia siku hiyo saa inahesabu.

Juu ya matembezi, nasema nendeni. Kusanyeni pesa pamoja, laleni katikati ya mji, kuleni wanapokula makuli, pataneni bei kabla ya huduma, na salimieni wazee. Mkifika katika jumba zuri, msitazame mapambo peke yake. Ulizeni ni nani aliyechonga mlango, nani anafuta vioo, na kama wamelipwa. Sisi tulitumia pesa kidogo Mombasa, na kwa kuuliza swali hilo moja tuliona zaidi ya mgeni mwenye kamera tatu.

Yule mkata miwa aliyenicheka ameniomba jina la gesti. Nimempa, na nimempa salamu za kumpelekea dada wa Likoni.

Umoja ni nguvu.

Katibu mwandalizi, tawi la mashamba